Ugenini Tuna Haki: Sheria ya Usawa na Sisi

Hotuba iliyotolewa na muuguzi kwa niaba ya wanajumuiya wanaofanya kazi za afya, Jumamosi tarehe 7 Desemba 2024, katika sherehe ya kuadhimisha miaka 63 ya Uhuru

  

Kamati imetuomba sisi tunaofanya kazi za afya tuseme neno juu ya sheria zinazotulinda dhidi ya ubaguzi na chuki kwa wageni hapa Uingereza. Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini hawakuitwa mawakili. Sababu ni kwamba sisi ndio tunaopigiwa simu usiku. Dada anatoka zamu akilia, anampigia muuguzi mwenzake, hampigii wakili. Kwa hiyo tumelazimika kusoma, kuuliza katika vyama vyetu vya wafanyakazi, na kujua mlango upi unabishwa kwanza. Tunayowaletea leo ni huduma ya kwanza. Huduma ya kwanza haichukui nafasi ya daktari, lakini humfikisha mtu kwa daktari akiwa hai.

Tulichokiona mwaka huu

Hatuna haja ya kwenda mbali. Tarehe 29 Julai mwaka huu, katika mji wa Southport, watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu wakiwa kwenye darasa la kucheza dansi. Ulikuwa msiba wa nchi nzima, na sisi tulilia pamoja na wenyeji. Lakini kabla marehemu hawajazikwa, uongo ulikuwa umeshaenea kwenye simu kwamba aliyefanya unyama ule ni mkimbizi aliyewasili kwa boti. Alikuwa kijana aliyezaliwa Cardiff. Uongo ukakimbia kuliko ukweli. Msikiti wa Southport ukashambuliwa. Huko Rotherham, tarehe 4 Agosti, kundi la watu lilijaribu kuichoma moto hoteli waliyokuwemo waomba hifadhi. Huko Sunderland, wauguzi wa Kifilipino waliokuwa wakienda hospitali kusaidia walirushiwa mawe wakiwa ndani ya teksi.

Wiki ile wengi wetu tuliulizana kwenye kundi letu la WhatsApp: je, twende kazini na sare, au tuvae sare tukishafika? Nani ana gari ampitie mwenzake? Mama mmoja aliuliza kama binti yake avue hijabu akipanda basi. Hayo hatukuyasoma kwenye gazeti. Yalikuwa maisha yetu.

Lakini tuliona na jambo la pili. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa. Wengi walifikishwa mahakamani ndani ya siku chache, na wakafungwa, wakiwemo waliochochea chuki kwa maneno waliyoandika mtandaoni bila kurusha hata jiwe moja. Na tarehe 7 Agosti, pale Walthamstow na miji mingine, maelfu ya wenyeji walijaa barabarani kusema kuwa fujo zile hazifanywi kwa jina lao. Yaani chuki ipo, na sheria ipo, na watu wema wapo. Tatizo letu ni kwamba chuki tunaijua vizuri kuliko tunavyoijua sheria.

Sheria hii ilipiganiwa

Watoto wetu, sikilizeni sehemu hii, maana ni historia yenu pia.

Mwezi uliopita, tarehe 2 Novemba, alifariki Paul Stephenson, akiwa na miaka 87. Mwaka 1963 alikuwa kijana mjini Bristol. Wakati ule kampuni ya mabasi ya Bristol ilikuwa haiajiri watu weusi wala Waasia kuwa madereva au makondakta. Haikuficha, kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kuikataza. Kijana mmoja mweusi, Guy Bailey, aliitwa kwenye usaili wa kazi. Walipomwona rangi yake, usaili ukafutwa. Stephenson na wenzake kutoka visiwa vya Karibi wakatangaza mgomo: hakuna kupanda basi. Walitembea kwa miguu miezi 4. Tarehe 28 Agosti 1963 kampuni ikasalimu amri, na mwezi uliofuata Bristol ikampata kondakta wake wa kwanza asiye mzungu, Raghbir Singh, Sikh mwenye kilemba.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1965, Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa rangi. Ilikuwa sheria dhaifu. Iligusa hoteli, mikahawa na mahali pa umma, lakini haikugusa kazi wala nyumba. Kazi na nyumba zikaongezwa mwaka 1968.

Mwaka huo huo wa 1968 unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa njia nyingine. Bunge lile lile, ndani ya siku chache tu, lilipitisha sheria ya kuwafungia mlango Waasia wa Kenya na wa nchi jirani waliokuwa na pasi za Kiingereza mikononi. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kuwa sheria ile iliwabagua kwa rangi na kuwadhalilisha. Kwa hiyo tusidhani kila kinachoitwa sheria ni rafiki yetu. Sheria ni kama kisu cha jikoni: inategemea nani ameshika mpini.

Miongoni mwa Waasia waliofika hapa miaka ile alikuwepo mama mmoja aliyewahi kuishi kwetu Tanganyika, Jayaben Desai. Mwaka 1976 aliongoza mgomo katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, kaskazini magharibi mwa London, ambako wafanyakazi wengi walikuwa wanawake wa Kiasia kutoka Afrika Mashariki. Walisimama nje ya lango la kiwanda karibu miaka miwili, kwenye mvua na theluji. Hawakushinda mgomo ule. Lakini maelfu ya wafanyakazi wazungu walikuja kusimama nao, na tangu hapo ikawa vigumu kwa vyama vya wafanyakazi kusema kuwa mambo ya wageni hayawahusu.

Baadaye ikaja sheria ya 1976. Kisha mwaka 1993 kijana Stephen Lawrence akauawa na wabaguzi akiwa kituo cha basi London, na wazazi wake wakapigania haki ya mtoto wao hata ikaundwa tume. Taarifa ya tume hiyo ya mwaka 1999 ilisema wazi kwamba polisi wenyewe walikuwa na ubaguzi ndani ya taasisi yao. Sheria zote hizo ndizo zilizounganishwa kuwa Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, ambayo ndiyo tunayoitumia leo England, Wales na Scotland. Ireland ya Kaskazini ina sheria zake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumepewa jembe zamani. Tumelima mawodini, kwenye nyumba za wazee, kwenye mabasi na maghala. Aliyelima ana haki ya kukaa mezani, na haki hiyo imeandikwa.

Sheria inasema nini

Sheria ya Usawa inataja mambo 9 ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Yamo umri, ulemavu, ujauzito, dini, jinsia na mengineyo. Leo tunashika moja, ambalo sheria inaliita asili. Ndani ya neno hilo yamo manne: rangi ya ngozi, uraia, kabila, na taifa mtu alikotoka. Kwa hiyo anayesema “mimi sina shida na weusi, sitaki tu Watanzania” amevunja sheria. Na anayembagua Mpolandi kwa Upolandi wake naye amevunja sheria, hata kama rangi zao ni moja.

Ubaguzi una sura nne, na ni vizuri tuzijue, kwa sababu ukienda kulalamika utaulizwa ni ipi.

Sura ya kwanza ni ubaguzi wa wazi: kutendewa vibaya kuliko mwingine kwa sababu ya asili yako. Wauguzi wawili wana sifa sawa, mmoja anapelekwa kozi kila mwaka, wa pili kila mwaka anaambiwa asubiri.

Sura ya pili ni ubaguzi uliojificha ndani ya kanuni. Kanuni ni moja kwa wote, lakini inawaumiza watu wa asili fulani. Mwajiri akisema hataki mtu asiyesoma sekondari hapa Uingereza, kanuni hiyo haikutaja Mtanzania, lakini sote tunajua itamwacha nani nje. Mwajiri anaweza kujitetea akionyesha kuwa kanuni ina sababu ya msingi na haipiti kiasi. Mtihani wa Kiingereza kwa muuguzi una sababu. Mgonjwa lazima aelewe anachoambiwa. Kumtaka mfagiaji awe amesoma sekondari ya hapa, sababu yake ni ngumu kuiona.

Sura ya tatu ni unyanyasaji: maneno, vicheko, picha au vitendo vinavyomvunjia mtu heshima yake au kumfanya mahali pa kazi pawe pa uadui kwake. Hapa tuseme ukweli. Si kila anayeuliza “kwenu hasa ni wapi?” ni mbaguzi. Bibi kizee wa miaka 90 anayetaka kujua Tanga iko wapi, mweleze Tanga iko wapi, mtafurahi wote. Mahakama huangalia wewe ulilionaje jambo, mazingira yalikuwaje, na kama ni jambo la busara kuliona hivyo. Lakini mwenzako anayeigiza unavyosema mbele ya wodi nzima, kila zamu, na akaendelea baada ya kuambiwa aache, huyo hana utani na wewe.

Sura ya nne ni kulipiziwa kisasi. Umelalamika, au umetoa ushahidi kwa ajili ya mwenzako, kisha zamu zako zinapunguzwa. Hilo ni kosa peke yake, hata kama lalamiko la kwanza halikuthibitika, mradi ulilileta kwa nia njema. Ndiyo maana tunawaambia wale wanaoogopa kuwa shahidi: sheria inamlinda na shahidi.

Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ubaguzi haufanywi mbele ya kadamnasi na risiti ikaachwa. Sheria inalijua hilo. Mlalamikaji akileta mambo ambayo kwayo mahakama inaweza kuona kuwa huenda kulikuwa na ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri. Yeye ndiye atakayetakiwa kueleza kwa nini alifanya alichofanya.

Mambo matatu ya kazini

Tuzungumzie mgonjwa anayesema “huyu mweusi asiniguse”. Wengi wetu tumeambiwa hivyo, wengine tukiwa na miezi mitatu tu tangu tupate shahada zetu. Mara nyingi yaliyofuata ni kwamba msimamizi alituhamisha kimyakimya, akatupa wagonjwa wengine, tena kwa upole, akidhani anatusaidia. Ndugu zetu, mwajiri anayepanga wafanyakazi kwa rangi ili kumridhisha mgonjwa anaweza kuwa yeye mwenyewe anavunja sheria. Tangu Aprili 2020, hospitali za NHS nchini England zinaruhusiwa kukataa kumhudumia mgonjwa anayewatukana wafanyakazi kwa rangi yao, isipokuwa hali yake ikiwa ya dharura. Mgonjwa aliyechanganyikiwa kwa ugonjwa ni jambo tofauti, tunajua. Lakini hata hapo tukio liandikwe, na muuguzi aulizwe anaendeleaje.

La pili ni Kiswahili chetu. Tumesikia wenzetu wakiambiwa wasiseme Kiswahili hata kwenye chumba cha chai. Mbele ya mgonjwa tunasema lugha anayoielewa. Hiyo ni adabu ya kazi, na ni usalama wake. Lakini mwajiri anayekataza Kiswahili wakati wa mapumziko, huku wengine wanaongea lugha zao bila kuguswa, na hana sababu ya kikazi, yuko karibu sana na ubaguzi wa asili. Mwombeni aiandike hiyo amri. Mara nyingi ikiombwa kwa maandishi hupotea yenyewe.

La tatu ni hofu ya gharama. Kulalamika kuwa umebaguliwa hakuhitaji uwe umefanya kazi miaka miwili. Hata anayeomba kazi tu analindwa. Kufungua madai katika mahakama ya kazi ni bure. Kati ya mwaka 2013 na 2017 serikali ilitoza ada iliyoweza kufika pauni 1,200, hadi chama cha wafanyakazi cha UNISON kilipokwenda Mahakama ya Juu na kuiangusha. Ukishinda, fidia ya ubaguzi haina ukomo, na mbali ya mshahara uliopoteza unalipwa kwa ajili ya maumivu ya moyo. Mwaka 2024, kwa madai yaliyofunguliwa tangu Aprili, viwango hivyo vilianzia pauni 1,200 kwa jambo dogo na kufika pauni 58,700 kwa jambo zito.

Viza isitufunge mdomo

Sasa tunafika kwenye kidonda. Tangu Februari 2022, ndugu zetu wengi waliingia kwa viza ya kazi za kulea wazee. Viza hiyo imefungwa kwa mwajiri anayemdhamini mtu. Wapo walioahidiwa saa 39 kwa wiki wakapewa 10. Wapo waliolipa wakala fedha za kuuza shamba. Akilalamika, anaambiwa: “Nitapiga simu Wizara ya Mambo ya Ndani, utarudi kwenu.” Na yeye ana watoto nyumbani wanaongoja ada. Ananyamaza.

Hapa hatutawadanganya. Sheria ina tundu, na lazima mlijue. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi za akina mama wawili kutoka Nigeria waliofanyishwa kazi za ndani kwa ukatili, pasi zao zikiwa zimeshikiliwa. Waajiri walikuwa na makosa, hilo halikubishaniwa. Lakini walipodai kwamba wamebaguliwa kwa uraia wao, majaji walikataa. Walisema akina mama wale walinyanyaswa kwa sababu ya unyonge wa hali yao ya uhamiaji, na hali ya uhamiaji si sawa na uraia. Wapo wageni wengi wasio na unyonge huo. Jaji mwenyewe, Lady Hale, aliona kuwa sheria ya sasa haiwapi watu hao fidia inayostahili, akaliachia Bunge lifikirie. Hadi leo hali ya uhamiaji haimo katika yale mambo 9.

Je, mtu huyu hana pa kwenda? Anapo. Kima cha chini cha mshahara, ambacho mwaka 2024 kilikuwa pauni 11.44 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi, ni haki yake. Mapumziko na likizo ya malipo ni haki yake. Kumfanyisha mtu kazi kwa kumtisha ni jinai chini ya Sheria ya Utumwa wa Kisasa ya 2015, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Pasi ni yake. Mwajiri hana ruhusa ya kuifungia kabatini. Na kama sababu ya kuteswa ni rangi au nchi yake, na si viza pekee, Sheria ya Usawa inamfikia. Mwaka 2014 Mahakama hiyo hiyo ya Juu ilimkubalia msichana wa Kinigeria aliyefanya kazi za ndani bila kibali kudai fidia ya kubaguliwa alipofukuzwa. Majaji walikataa mwajiri ajifiche nyuma ya ukosefu wa kibali ilhali yeye ndiye aliyemtumia bila kibali.

Mdhamini akiondoa udhamini, kwa kawaida mtu hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine. Siku 60 ni chache, lakini si sifuri. Kwa hiyo usingoje barua ndipo uanze kutafuta. Njoo kwetu mapema, ukiwa bado una kazi na bado una nyaraka.

Shuleni

Wazazi, shule nayo imo ndani ya sheria hii. Shule haiwezi kumnyima mtoto nafasi wala kumwadhibu kwa asili yake. Mtoto akitukanwa na wenzake kwa rangi, shule inatakiwa ilishughulikie kwa uzito ule ule inaoutumia kwa watoto wengine. Oktoba 2022 Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ilitoa mwongozo kuhusu nywele: kumkataza mtoto nywele zake za asili, misuko au rasta, kwa kanuni ya sare tu, kunaweza kuwa ubaguzi. Kwa hiyo mama ukiitwa shuleni kwa ajili ya twende kilioni za mwanao, nenda, kaa vizuri kwenye kiti, na uulize kwa utulivu kama wameusoma mwongozo huo.

Na nyinyi watoto: mtu akikwambia rudi kwenu, mwambie mwalimu siku hiyo hiyo, kisha mwambie mama au baba jioni. Kusema si kushitaki ovyo. Usione haya, maana aibu si yako. Na ukimwona mwenzako anafanyiwa hivyo, awe Msomali, Mromania au Myahudi, kaa naye wakati wa chakula. Huo ndio mwanzo wa kazi aliyoifanya Paul Stephenson.

Andika, hesabu, sema

Kuna mambo matatu ya kukumbuka, na hata mkisahau mengine yote, haya msiyaache ukumbini.

Andika. Tulipokuwa wanafunzi wa uuguzi tulifundishwa kuwa kisichoandikwa kwenye faili la mgonjwa ni kama hakikufanyika. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe yaliyosemwa, na nani alikuwepo. Andika siku hiyo hiyo. Tuma kwa barua pepe yako binafsi ili kuwe na tarehe isiyobishaniwa. Hifadhi ratiba za zamu na ujumbe wa simu. Usichukue nyaraka za wagonjwa. Hilo litageuka kesi yako.

Hesabu. Kwa mambo ya kazini, sheria ilivyokuwa mwaka 2024 ilitoa miezi 3 kupungua siku 1. Jambo lililotokea tarehe 10 Septemba, mlango wake unafungwa keshokutwa Jumatatu, tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru yenyewe. Kabla ya mahakama lazima upitie chombo cha usuluhishi kiitwacho ACAS; ukiwaarifu, saa inasimama kwa muda. Lakini malalamiko uliyopeleka kwa mwajiri wako hayasimamishi saa. Hapa ndipo wengi wetu wanapopotelea. Mwajiri anasema “tunachunguza”, mtu anangoja kwa adabu, miezi mitatu inapita. Lalamika kwa mwajiri, ndiyo, lakini ACAS nako nenda. Kwa mambo ya shule, duka au nyumba, kesi huenda mahakama ya kaunti, na muda ni miezi 6 kupungua siku 1.

Sema. Jiunge na chama cha wafanyakazi kabla hujapata shida, kwa sababu vyama vingi havichukui shida iliyokutangulia. Ofisi za Citizens Advice hazitozi kitu. Ukipigwa, ukitishwa au kutukanwa kwa rangi yako barabarani, hilo ni la polisi: 999 ikiwa ni hatari, 101 ikiwa imepita. Tangu taarifa ile ya Stephen Lawrence, tukio ambalo mwathirika au mtu mwingine yeyote analiona kuwa la kibaguzi polisi wanatakiwa waliandike hivyo. Usikubali aliyepokea simu aamue kwa niaba yako.

Inatubana na sisi

Tutakuwa tumesema nusu tukiishia hapo. Sheria hii haikuandikwa kwa ajili ya kuwabana wazungu peke yao. Mwenzetu mwenye nyumba anayesema hapangishi Wanigeria, amevunja sheria. Mwenye saluni anayesema haajiri Wahindi, amevunja sheria. Na sisi wenyewe kama Jumuiya imetugusa. Sheria inaruhusu chama kama chetu kiwe cha watu wa taifa moja. Lakini imeweka mpaka: haturuhusiwi kuchagua wanachama kwa rangi ya ngozi. Jumuiya ya Watanzania, ndiyo. Jumuiya ya weusi peke yao, hapana.

Tukiona mpaka huo ni mgeni, tukumbuke tumeuweka wenyewe kabla ya Waingereza. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru tunaousherehekea, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Wapo waliotaka uraia ufuate rangi. Mwalimu Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alisimama akakataa kabisa, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Muswada ukapita bila ya rangi. Leo Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza kumbagua mtu kwa rangi, kabila, dini au mahali alikotoka. Wakati ule, hapa Uingereza, kampuni ya mabasi ilikuwa bado inaweza kumkataa mtu kwa rangi yake mchana kweupe, na hakuna sheria ya kuigusa.

Kwa hiyo tunapodai usawa hapa hatuombi hisani kwa mwenyeji. Tunadai jambo tulilolifanya nchini mwetu tangu siku ya kwanza, na ambalo nchi hii nayo imeliandika. Lililobaki ni kulitumia, sisi wote, kwa kila mmoja wetu.

Leo, kuanzia baada ya chakula, wauguzi watatu na mwenzetu mmoja aliye mwakilishi wa chama cha wafanyakazi tutakaa kwenye meza iliyo karibu na mlango, upande wa jikoni. Mwenye jambo lake aje. Hatutauliza viza yako ni ya aina gani. Tutauliza tarehe, kisha tutahesabu pamoja.

Tunawatakia nyote Sikukuu njema ya Uhuru.